Makala ya makala: namna ya kutengeneza simulizi ndefu ya sauti ukiwa Goma

Mara ya kwanza nilipomwambia mama mmoja wa Birere, mtaa wa hapa Goma, kwamba natengeneza makala, aliniuliza gunia natoa bei gani. Nikacheka, naye akaniangalia kama mtoto aliyekosa malezi. Kwetu Goma, sawa na Bukavu na Lubumbashi, makala ni mkaa: yale meusi yanayoshuka mjini juu ya tshukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, na kuivisha sombe, majani ya muhogo. Makala ya redio, ambayo wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanayajua kwa jina hilo, sisi tunaita emisio, au ripotaji ukitaka kuonekana umesoma.

Swali la yule mama ndilo lililonipa kazi ya miezi mitatu: dakika 25 za sauti zinazofuata gunia moja la makala kutoka kwenye tanuru hadi kwenye mbabula, jiko letu la bati. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa kuifuata kazi hiyo, na makosa yake nimeyaacha humo humo. Vifaa vyangu vilikuwa simu, maikrofoni moja ya bei ndogo na viatu. Kilichonigharimu ni muda.

Hatua ya 1: Shika kitu kimoja mkononi

Vijana wengi hunijia na mada kama "mazingira", "wanawake na vita", "ajira ya vijana". Hizo ni mada za semina, zinafaa kuandikwa kwenye bango la ukumbini. Sikio humshika mtu anayefanya kitu. Kwa hiyo tafuta kitu unachoweza kukifuata kwa mguu: gunia, samaki, bidoni ya maji, barua, mbuzi. Gunia la makala lina vituo vyake, yaani mti, tanuru, barabara, soko na jiko, na kila kituo kina mtu mwenye sauti yake na deni lake.

Halafu vuta uzi uone unafika wapi. Wangu ulifika mbali kuliko nilivyodhani. Sehemu ya makala yanayopikia Goma hutoka katika misitu ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji na kuingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1979. Julai 2007 gorila wa milimani waliuawa humo kwa risasi, picha za miili yao ikibebwa mabegani na wanakijiji zikazunguka dunia nzima, na biashara ya makala ikatajwa papo hapo kuwa chanzo. Nikavuta tena, nikafika Somalia: mwaka 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku mkaa wa nchi hiyo kuuzwa nje, kwa kuwa fedha zake zilikuwa zinalisha vita. Gunia lile lile analogombania bei mama wa Birere limejadiliwa New York. Uzi ukikatika kwenye mlango wa jirani yako, hiyo ni habari ya dakika tatu. Itengeneze hivyo hivyo, haina ubaya.

Ukishapata kitu, andika swali moja ambalo wewe mwenyewe hulijui jibu. Langu lilikuwa hili: kwa nini mama mwenye umeme ukutani bado anapika kwa makala? Kituo cha umeme wa maji cha Matebe, huko Rutshuru, kilizinduliwa Desemba 2015, na nyaya zake zinaingia nyumba nyingi za mjini. Nilikuwa na majibu yangu kichwani, ya kitabu. Yote yalikuwa nusu. Ukiona tayari unajua jibu, badili swali, maana msikilizaji atanusa kwamba unamtembeza kwenye nyumba uliyokwisha kuifagia.

Hatua ya 2: Nenda mara ya kwanza bila kurekodi

Siku ya kwanza simu ikae mfukoni. Mwone shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, jitambulishe, umwonyeshe barua yako ya kazi kama unayo. Msalimie mzee kabla ya kijana, na mama umwite mama hata kama mmezaliwa mwaka mmoja. Ukikaribishwa kiti, kaa. Ukiletewa chakula, kula. Mimi nilikaa saa mbili kwenye jiko la yule mama nikichambua maharagi, na ndipo nilipogundua kwamba ana jirani anayenunua makala kwa kindoo kila asubuhi kwa sababu gunia zima likionekana litaombwa na shemeji zake. Jambo kama hilo hakuna atakayekuambia mbele ya maikrofoni siku ya kwanza.

Siku hiyo hiyo eleza kazi yako kwa maneno ya kawaida. Usiseme "ridhaa". Sema: "Mama, sauti hii itasikika Goma, Uvira, hata Mombasa. Hata shemeji yako atakusikia. Hata mtu usiyempenda." Kisha nyamaza, mwache afikirie. Uliza tena siku ya mwisho, kwa sababu watu hukubali kabla ya kujua watasema nini.

Hapa kwetu jambo hili ni zito, na nitakaa nalo kidogo. Wengi hudhani kwamba kuficha uso kunatosha. Sauti ni uso. Mtu aliyekaa na wewe shuleni miaka mitatu atakutambua kwa neno moja na kikohozi. Biashara ya makala inapita kwenye bariere, yaani vizuizi vya barabarani, na kwenye bariere kuna watu wenye bunduki ambao hubadilika majina lakini hawabadiliki tabia. Mchoma makala mmoja aliniambia kila anachokilipa njiani na kwa nani. Yalikuwa maneno mazuri kuliko yote niliyorekodi. Hayamo katika simulizi. Nilichofanya ni kumwomba mtu mwingine, wa mbali, asome maelezo yale kwa maneno mengine, bila kutaja njia wala siku, nikasema wazi kwamba sauti imebadilishwa. Kuizungusha sauti kwa programu hadi iwe nene kama ya zimwi hakufichi kitu: anayejua kompyuta anaweza kuirudisha, na lafudhi hubaki pale pale. Faili ya awali ihamishe kutoka kwenye simu jioni ile ile, kabla hujapita tena barabarani, na usirekodi kamwe kwenye bariere yenyewe. Hakuna sauti inayostahili hilo.

Kuhusu pesa: silipi maneno. Nikimpotezea mtu asubuhi yake ya kuuza, nanunua bidhaa yake kwa bei ya wote. Miezi ile mitatu nyumbani kwangu kulikuwa na makala hadi chini ya kitanda.

Hatua ya 3: Vifaa, kwa ufupi

Simu yenye programu ya kurekodi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa, inatosha. Ipange kwenye 48 kHz. Saa moja ya mono (njia moja ya sauti) kwa biti 24 hula kama MB 520, kwa hiyo futa video za harusi kwanza. Weka simu katika hali ya ndege, la sivyo binamu yako atapiga katikati ya machozi ya mtu. Maikrofoni ya kubana kwenye nguo inafaa kwa mahojiano, ila angalia nguo yenyewe: kitenge kipya ambacho hakijafuliwa hupiga kelele kama karatasi ya mkate. Ukienda ziwani, upande wa Kituku, vika maikrofoni soksi nene, kwa sababu upepo wa Kivu hauonekani kwenye sikio lako lakini kwenye faili hunguruma. Na vaa vifaa vya masikioni muda wote unaporekodi. Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, nunua hivyo kabla ya maikrofoni.

Kwenye kipimo cha programu, kilele cha sauti kicheze karibu na −12 dB. Kikigusa sifuri sauti imepasuka, na sauti iliyopasuka haishonwi.

Hatua ya 4: Rekodi mahali kabla ya maneno

Kila mahali rekodi mara tatu: kwa mbali, kwa kati na kwa karibu kabisa. Soko la Virunga kwa mbali ni mvumo. Kwa kati unasikia mtu akiita wateja. Kwa karibu unasikia sarafu, kamba ya gunia ikifunguliwa, vumbi la makala likimwagwa kutoka chini ya ndoo. Msikilizaji anahitaji zote tatu ili ajue amesimama wapi.

Nilitembea kando ya tshukudu moja iliyokuwa inatoka upande wa Kibumba, maikrofoni nimeishusha hadi karibu na gurudumu. Mzee mwenye tshukudu alikuwa amepiga goti moja juu ya kipande cha ndala kilichogongomewa kwenye ubao, mguu wa pili ukisukuma. Kwenye lami gurudumu la mbao lililovikwa mpira wa tairi linavuma tu, vuuu, sauti moja ndefu. Kisha tukaacha lami tukaingia kartie, juu ya mawe ya lava ya Nyiragongo, yale yaliyopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na sauti ikageuka ghafla kuwa gragragragra hadi meno yakatikisika. Mpito ule una sekunde nne. Katika simulizi nzima hakuna mahali niliposema "sasa tumefika mjini". Sikuhitaji.

Sasa kosa langu. Mahojiano ya kwanza na muuzaji mmoja wa jumla niliyafanya nyuma ya duka lake, saa nzima, na nyuma ya ukuta kulikuwa na mashine ya kusaga unga. Sikio langu liliizoea baada ya dakika mbili. Ndivyo masikio yalivyo, yanatudanganya kwa wema. Nyumbani, kila nilipokata sentensi ili kuiunganisha na nyingine, mngurumo wa mashine uliruka kama redio inayobadilishwa stesheni. Saa nzima ikawa haifai. Nilirudi kumwomba upya na alikubali, lakini yale aliyoyasema mara ya kwanza akiwa na hasira ya kweli, mara ya pili aliyasema kama mtu anayesoma risiti.

Tangu hapo, nikiingia mahali nasimama kwanza dakika nzima nimefumba macho: gurupu (jenereta) la jirani, mabati yanayolia jua likipanda, kanisa, kuku. Na nikimaliza mahojiano naomba wote tunyamaze dakika mbili, narekodi ukimya wa chumba. Watoto hucheka. Warekodi wakicheka, kisha omba tena. Ukimya ule ndio utakaoziba viraka vyako vyote siku ya kukata.

Hatua ya 5: Omba uonyeshwe

Nilimuuliza yule mama: "Mama, kwa nini unapikia makala?"

Akanijibu: "Kwa sababu makala ni ya kupikia."

Alikuwa na haki. Swali la kijinga huzaa jibu la sawasawa. Nikajaribu tena: "Mama, nionyeshe namna unavyochagua makala sokoni."

Akainuka, akachukua vipande viwili, akavigonganisha karibu na maikrofoni bila kuambiwa. Tiii. Mlio mwembamba, kama kijiko kwenye chupa.

"Sikia hii. Inalia sawa chuma. Hii iliiva muzuri." Akachukua kingine. Puu. "Sasa hii ingine, sikia. Bado ni mti huyu. Itakuletea moshi, na itaisha mbele maharagi iive."

Sekunde 19 hizo zina kila kitu: ujuzi wake, hesabu ya jiko, hata kemia ya tanuru, kwa sababu kuni ambazo hazikuungua vizuri chini ya udongo bado ni kuni. "Nionyeshe" hushinda "niambie" kila siku. Nionyeshe ulikokuwa umesimama. Nishikie ile sufuria. Siku ile mkononi ulikuwa na nini?

Kuna jambo la adabu linalowasumbua wengi. Sisi tukimsikiliza mtu tunamwitikia: ee, ndiyo, kweli, aise, kumbe. Kumsikiliza mkubwa kimya ni kama kumgeuzia mgongo. Lakini kila "ee" yako imekaa juu ya neno lake na haitoki tena. Basi mwambie mapema: "Mama, nitakuwa nanyamaza. Si dharau, ni mashine." Kisha itikia kwa kichwa na kwa macho. Mara ya kwanza shingo itakuuma.

Akimaliza kujibu, usiuruke ukimya. Hesabu hadi tano moyoni. Niliuliza kuhusu umeme, akanijibu kwamba umeme ni mzuri kwa taa na kuchaji simu. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Kwenye nne akasema, kwa sauti ya chini, akiangalia mbabula: "Reshoo ya umeme ni franga ya mwezi muzima. Makala mi nanunua ya leo. Ya kesho, Mungu anajua." Reshoo ni jiko la umeme, franga ni pesa. Jibu la swali langu la miezi mitatu lilikuwa limekaa nyuma ya sekunde nne.

Mwombe pia arudie swali ndani ya jibu, ili sauti yako uweze kuitoa. Na mwulize yeyote, mwishoni: "Kuna kitu nilipaswa kukuuliza, sikukuuliza?" Nusu ya watu husema hapana. Nusu ya pili ndiyo inayolipa tiketi ya motari, dereva wa pikipiki.

Kama mtu wako yuko mbali, usirekodi simu yenyewe. Nilimtaka mwenzangu aliyeko Lubumbashi, ambako msitu wa miombo unazidi kusogea mbali na mji kwa sababu hii hii, aongee na muuzaji wa kule. Tulipigiana kwa WhatsApp, lakini kila upande ukarekodi sauti yake kwa simu ya pili iliyowekwa umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni. Mwanzoni kila mmoja akapiga kofi moja, ili baadaye nizipange faili mbili sambamba. Faili aliituma kama dokumenti. Ukiituma kama ujumbe wa sauti inabanwa, na kinachofika ni mifupa.

Hatua ya 6: Sikiliza yote, hata yanayochosha

Nilikuwa na saa 11 za sauti. Hakuna njia ya mkato: sikiliza zote, andika dakika na sekunde, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa. Saa moja ya mahojiano itakula saa nne zako au zaidi. Weka alama ya nyota pale mwili wako unapostuka, siyo pale akili inaposema "hili ni muhimu". Yaliyo muhimu lakini hayana uhai utayasema wewe mwenyewe kwa sentensi moja.

Kisha kata karatasi ndogo, kila nyota kipande kimoja, uzitandaze sakafuni. Mimi nilipata nyota 43. Zilizoingia ni 17. Kuitupa nyota nzuri kunauma, na mtu akikuambia haumii, simulizi yake usiisikilize.

Hatua ya 7: Jenga

Usianze na "Goma ni mji ulioko mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kando ya Ziwa Kivu". Huo ni mwanzo wa daftari la jiografia. Nilianza na tiii, kisha puu, kisha sauti ya mama, na jina la mahali likaja dakika ya pili, wakati msikilizaji tayari anataka kulijua.

Simulizi ndefu inatembea kwa miguu miwili: tukio, kisha maelezo. Tukio, maelezo. Ukikaa kwenye maelezo zaidi ya dakika mbili bila kurudi kwa mtu, umempoteza msikilizaji kwenye sufuria yake. Baada ya mama kugonganisha vipande vyake niliweka maelezo ya tanuru: magogo yanapangwa, yanafunikwa kwa majani na udongo, yanaunguzwa siku kadhaa kwa hewa kidogo, na kwa tanuru ya kienyeji unahitaji kilo 5 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya makala. Kisha moja kwa moja maneno ya mchoma makala, yakisomwa na yule mtu wa mbali. Maelezo yalichukua sekunde 40.

Takwimu ni kama pilipili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majikoni na uchafu mwingine wa hewa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Soma namba hiyo kwa sauti uone: imepita, haikuacha alama. Nikaigawa. Ni kama watu sita kila dakika. Basi katika simulizi nilisema: "Tangu tuanze kusikiliza, dakika kumi zimepita. Ni watu 60." Namba moja, mara moja, nikaiacha. Nilikuwa na nyingine nane kwenye daftari na zimebaki huko.

Andika maneno yako kama unavyoongea. Sentensi yenye "ambapo" mbili, ivunje. Mpe mtoto wa darasa la tano aisome kwa sauti. Atakapokwama, hapo ndipo kalamu yako ilipojisifu.

Hatua ya 8: Kiswahili cha nani?

Swali hili huletwa kila mara, na mimi nina msimamo. Maneno ya watu usiyasafishe. "Inalia sawa chuma" ibaki hivyo. Msikilizaji wa Tanga atashangaa sekunde kumi, ya kumi na moja atakuwa amezoea, na atakuwa amefika Goma. Mimi msimulizi naongea Kiswahili ambacho hata aliye mbali atakifuata, lakini sijifanyi wa pwani. Neno moja moja nalieleza njiani: nilisema "mbabula, jiko letu la bati la makala" mara moja tu, basi.

Kwa wanaoongea Kinande, Kihunde, Kinyarwanda au Kilingala, acha sauti yao ya kwanza isikike peke yake sekunde tano, kisha mfasiri aingie, sauti ya mwenyewe ikishuka chini bila kuzimika, na mwishoni ipande tena. Mfasiri awe wa jinsia na umri wa kukaribiana na mwenye maneno. Nimewahi kusikia bibi wa miaka sabini na zaidi akifasiriwa na kijana mwenye sauti ya matangazo ya bia. Nilizima.

Hatua ya 9: Sauti yako, na kuchanganya

Nyumba zetu za mbao husikilizana. Mimi narekodi simulizi saa kumi usiku, blanketi kichwani, kabla ya adhana na kabla ya jogoo wa jirani ambaye hana saa. Kaa, kunywa maji, ongea na mtu mmoja unayemjua. Ile sauti ya kutangaza mpira iache uwanjani.

Kwa kukata na kuchanganya, programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Sauti za mahali ziingie taratibu kabla ya maneno na zitoke taratibu baada yake. Muziki weka kidogo au usiweke kabisa. Wimbo wa rumba uupendao una mwenyewe, na mwenyewe ana haki zake. Sauti ya jumla ipange karibu na LUFS −16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Toa faili mbili: moja nzito ya redio, na moja nyepesi ya mono kwa kbps 64. Dakika 25 kwa kiwango hicho ni kama MB 12, na anayenunua mega za siku atakushukuru.

Hatua ya 10: Rudi nayo kwa wenyewe kabla ya kuitoa

Hakiki kila jina, mwaka na umbali kwa watu wawili tofauti. Kisha rudi kwa waliokupa sauti. Hawana kibali cha kupanga simulizi yako, na uwaambie hivyo, lakini wana haki ya kusema "hapa umenielewa vibaya" na "hapa nitapata shida". Mchoma makala aliomba nitoe jina la mlima mmoja. Nilitoa usiku ule ule. Mama wa Birere alisikiliza akiwa anatwanga sombe, akasimamisha mtwangio kwenye sehemu ya reshoo, akaendelea, mwishoni akaniambia nimemfanya aonekane na akili sana. Nikamwambia sikuongeza kitu.

Mzee wa tshukudu hana simu ya kuchezea faili, kwa hiyo nilimpelekea kwenye kadi ya memori pamoja na kiredio kidogo cha kuazima. Tulikaa kando ya barabara, gunia zake mbili zikitusubiri. Sehemu ya gorila aliipita bila neno, ya Somalia pia. Ilipofika gragragra akainua kidole.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaniomba tena, mara ya tatu. Nilidhani imemgusa.

"Beringi ya nyuma imekufa," akasema. "Sasa mbona siku ile haukuniambia?"